Msiwasingizie Ujinga Wagonjwa wa Gehandu

Kuna maelezo kuhusu saratani yaliyozoeleka nchini kiasi kwamba hakuna tena anayeyadai ushahidi. Yanasema kwamba wananchi wa vijijini wanakufa kwa saratani kwa sababu hawana uelewa. Hawajui dalili. Wanadhani wamerogwa. Wanaanzia kwa mganga wa kienyeji na kuishia hospitali wakiwa wamechelewa. Basi dawa ni kuwaelimisha, na namna mojawapo ya kuwaelimisha ni kuandaa mbio za hisani: watu elfu kadhaa wanavaa fulana za rangi moja, mgeni rasmi anapunga bendera, hundi kubwa ya mfano inainuliwa mbele ya kamera, na ujumbe unahesabiwa kuwa umefika. Husemwa hivyo kwenye majukwaa ya Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, na kesho yake magazeti huyachapa kama yalivyosemwa.

Nayapinga maelezo hayo. Mbio zenyewe sizipingi. Nazitaka, tena nazitaka zifike Gehandu, na nitaeleza kwa nini. Ninachokikataa ni hukumu inayotangulia mbio hizo, ile inayomweka mgonjwa wa kijijini kizimbani kwa kosa la kutojua, na kumwachia huru kila mwingine aliyechangia kumchelewesha.

Jina la Gehandu utalikuta Mbulu na utalikuta Hanang, katika nchi ya Wairaqw na Wadatoga, mkoani Manyara. Ni nchi ya juu, ya baridi, ya mahindi na maharage na ngano na ng'ombe. Hebu tumfuate mama mmoja wa huko, si mtu fulani ninayemjua bali yeyote kati ya wengi, mwenye miaka arobaini na kitu. Ameanza kutokwa damu nje ya siku zake. Anajua hilo si jambo la kawaida. Hakuna mwanamke anayehitaji bango kumwambia hivyo. Anamwambia dada yake, halafu anakwenda zahanati. Anapewa vidonge vya maambukizi, kwa sababu ndivyo vilivyopo na ndilo tatizo ambalo zahanati imezoea kuliona. Damu haikomi. Anarudi. Safari hii anaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na hapo tayari miezi imepita, kwa sababu kati ya safari ya kwanza na ya pili kulikuwa na palizi.

Hospitalini anachukuliwa kinyama. Kinyama hicho lazima kisomwe na mtaalamu wa patholojia, na wataalamu hao nchini ni wachache, wengi wao wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Anasubiri. Majibu yanapotoka anaambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi na kwamba atahitaji mionzi. Kwa miaka mingi mionzi Tanzania ilikuwa na anwani moja tu, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Baadaye Hospitali ya Bugando, Mwanza, ikaanza nayo kuitoa. Kutoka Hanang hadi Ocean Road kwa barabara, kupitia Babati na Dodoma, ni zaidi ya kilomita 700. Wakimbiaji wanajua kilomita 42 zina uzito gani mwilini. Safari ya mama huyu ni karibu marathoni kumi na saba, akiwa anavuja damu, ndani ya basi.

Na akifika hajamaliza. Mionzi ya nje kwa ugonjwa huo hutolewa siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano, na juu yake kuna mionzi ya ndani. Alale wapi wiki zote hizo? Ale nini? Msindikizaji wake, maana hawezi kwenda peke yake, naye ale nini, na nani anakamua ng'ombe nyumbani? Hata pale mgonjwa anaposamehewa gharama za matibabu, hakuna kondakta anayemsamehe nauli, wala mwenye nyumba wa Dar es Salaam anayemsamehe kodi. Ng'ombe wa kwanza anauzwa kwa ajili ya vipimo. Wa pili kwa ajili ya safari. Familia inapofika kwa wa tatu inaanza kuulizana, na hayo si maswali ya ujinga. Ni maswali ya watu wanaojua hesabu vizuri sana: watoto wanne, shamba moja, mgonjwa ambaye wamesikia kwamba wengi wa aina yake waliopelekwa hawakurudi.

Mama huyu akifika Ocean Road kwenye faili lake itaandikwa kwamba amefika hatua ya tatu. Kwenye hotuba ya siku ya mbio atatajwa kuwa mmoja wa wale waliokosa uelewa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tazama makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, tawi la Shirika la Afya Duniani, kwa mwaka 2020. Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani wapatao 40,000 na vifo karibu 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Karibu wawili kati ya kila watatu. Na huu ndio ugonjwa ambao, kati ya saratani zote, tunazo silaha nyingi zaidi za kuuzuia. Unasababishwa karibu kila mara na kirusi kinachojulikana, HPV. Kirusi kina chanjo: Tanzania iliianza nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaifanya dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa wanawake wazima, mabadiliko ya seli kwenye mlango wa kizazi huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani, ingawa kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na virusi vya UKIMWI bila dawa, yanaweza kuchukua miaka mitano hadi kumi.

Miaka kumi na tano! Na kipimo chenyewe ni siki. Muuguzi aliyefundishwa anapaka asidi ya siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, anaangalia kwa macho na taa kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Ikiwa imegeuka na inafaa kutibiwa pale pale, anaichoma kwa kifaa cha joto au kuigandisha, na mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hakuna maabara, hakuna kusubiri majibu kwa wiki, hakuna basi la Dar es Salaam. Wenye kazi hiyo wanaiita pima na tibu. Kama huduma hiyo ingemfikia mama wa Gehandu mara moja tu akiwa na miaka thelathini na tano, safari yote niliyoieleza hapo juu huenda isingekuwapo. Mchague sasa wa kulaumiwa: mama ambaye hakuipata huduma, au sisi ambao kwa miaka kumi na tano hatukumpelekea, kisha tukapanda jukwaani kusikitika kwamba alichelewa?

Najua jibu linalokuja. Watasema: lakini hata huduma inapopelekwa, wengine hawaji. Na waganga? Mbona wanajaza watu?

Tuseme ukweli kuhusu waganga. Mganga yuko kijijini. Anazungumza Kiiraqw au Kidatoga na bibi ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani. Hamwambii aje tena Jumanne kwa sababu mhusika amekwenda semina. Anakubali kulipwa baadaye, au kulipwa mbuzi. Anamsikiliza mgonjwa mpaka amalize. Dawa yake haitibu saratani, na kila mwezi mgonjwa anaokaa naye ni mwezi ambao uvimbe unautumia. Hilo halina mjadala. Lakini mtu anayekwenda kwa mganga ametafuta tiba. Ametoka nyumbani, ametumia fedha, ameeleza aibu yake. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema hajali wala hajui kwamba anaumwa. Amekwenda kwenye mlango uliokuwa wazi. Anayetaka asiende huko afungue mwingine karibu zaidi; kumtukana aliyepita kwenye ule uliopo hakumsaidii mtu.

Na hao wanaoitwa na hawaji, tuwaulize sababu kabla ya kuwaandikia. Wapo wanaoogopa kuambiwa wana ugonjwa ambao hawataweza kuutibu, na woga huo una akili. Wapo waliokwenda kituoni wakakuta vifaa vimeisha. Na wapo ambao uamuzi si wao. Hili la mwisho halisemwi vya kutosha. Katika familia nyingi za wafugaji na wakulima wa nyanda zetu, ng'ombe hauzwi na mwanamke, na safari ya kulala nje haiamuliwi na mwanamke. Unaweza kumwelimisha mama mpaka akaweza kukuchorea mfuko wa uzazi kwenye vumbi, na bado akabaki pale pale, kwa sababu mwenye kauli ya mwisho hakuwapo kwenye mafunzo. Alikuwa mnadani.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuzitaka mbio. Semina ya saratani ya mlango wa kizazi huwakusanya wanawake wawaeleze wanawake. Mbio huwakusanya wanaume. Katika nchi hii hasa, mbio ni jambo zito na la heshima. John Stephen Akhwari ni wa Mbulu. Dunia inamkumbuka kwa Mexico City 1968, alipoingia uwanjani goti likiwa limefungwa bandeji, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza marathoni ile. Wasiomjua vizuri hawajui kwamba miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alimaliza wa tano kwa saa 2:15:05. Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni ya michezo hiyo hiyo Edmonton 1978, kisha ya mita 10,000 Brisbane 1982. Fabiano Joseph Naasi wa Babati alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni 2005. Gabriel Geay, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia Valencia Desemba 2022 kwa saa 2:03:00, na Aprili 2023 akawa wa pili Boston, Eliud Kipchoge akiwa nyuma yake. Ukitangaza mkutano wa afya ya uzazi, wazee wa Gehandu watawatuma wake zao. Tangaza mbio, na waambie kwamba aliyewahi kuvaa jezi ya taifa atakuwapo, uone nani atabaki nyumbani.

Kwa hiyo wale wanaodai kwamba mbio za hisani ni starehe ya watu wa mjini ambao hawana kuni za kubeba, nao hawajui wanachosema wakizungumzia Manyara. Huku mbio zilikuwapo kabla ya fulana za wadhamini. Kilichokosekana ni kuzifunga kwenye kazi.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua hauko mbali. Uganda, tangu mwaka 2012, Rotary wamekuwa wakiendesha mbio za saratani kila mwaka. Hawakuanza na kaulimbiu. Walianza na jengo: wodi ya saratani katika Hospitali ya Nsambya, Kampala, kwa kushirikiana na Benki ya Centenary, na ilipokamilika wakageukia ujenzi wa vyumba vya kuwekea mashine za mionzi. Mtu aliyelipa kiingilio mwaka mmoja angeweza kwenda mwaka unaofuata kuona ukuta umefika wapi. Tena hawakuziacha mbio Kampala tu; zilikimbiwa siku hiyo hiyo katika miji mingi ya mikoani.

Na ukitaka kujua kwa nini jengo lilikuwa na maana, kumbuka yaliyotokea Kampala mwaka 2016. Mashine pekee ya mionzi ya nchi nzima, ile ya Hospitali ya Mulago, iliharibika isitengenezeke. Waganda waliendelea kuwa na uelewa ule ule waliokuwa nao wiki iliyotangulia. Walizijua dalili, wengi walikuwa tayari kwenye foleni, wengine katikati ya dozi. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400, msaada mkubwa kwa anayeweza kuvuka mpaka. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kwa karibu miaka miwili nchi nzima ilikuwa kama mama wa Gehandu: inajua inaumwa nini, na haina pa kwenda. Sijasikia aliyesimama wakati ule akasema tatizo la Uganda ni elimu.

Terry Fox naye, yule kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, alipoanza kukimbia Aprili 12, 1980 kuivuka nchi yake kwa mguu mmoja na wa bandia, hakuwa anawaarifu Wakanada kwamba saratani ipo. Aliomba dola moja kwa kila mwananchi, kwa ajili ya utafiti. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka ugonjwa ulipofika mapafuni. Mwaka uliofuata alifariki akiwa na miaka 22. Mbio zinazokimbiwa kwa jina lake leo zimebaki na sharti lile lile la kudai fedha zenye kazi inayojulikana.

Nyumbani tunao mwanzo mzuri. NBC Dodoma Marathon, tangu ilipoanza mwaka 2020, imekuwa ikielekeza fedha kwenye mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Ocean Road. Hilo nalisifu bila kusitasita, kwa sababu lina mpokeaji anayejulikana na ugonjwa unaojulikana. Lakini Dodoma iko zaidi ya kilomita 250 kutoka Babati, na kutoka Babati kuna mwendo mwingine hadi Katesh, Mbulu na Haydom. Fedha inayokusanywa katikati ya nchi ina tabia ya kuishia kwenye barabara ya lami.

Sasa nije kwenye yale ambayo uelewa kweli unayahusu, maana sitaki kueleweka kwamba maarifa hayana kazi. Yana kazi, lakini maarifa gani? Bango lenye utepe wa pinki na maneno "Pima afya yako mapema" halimsaidii mtu asiyejua apime wapi. Taarifa yenye thamani Gehandu ni hii: Alhamisi ya tarehe fulani, kituo cha afya fulani, muuguzi fulani wa kike, kuanzia saa tatu asubuhi, bure, na anayekutwa na mabadiliko anatibiwa siku hiyo. Itangazwe kanisani, itangazwe mnadani, itangazwe kwa Kiiraqw na kwa Kidatoga. Taarifa ya aina hii ina mlango upande wa pili.

Halafu kuna saratani ambayo mbio zetu, zilizonakili rangi na miezi ya nchi za kaskazini, haziitaji kabisa. Ni saratani ya umio, njia ya chakula. Kuna ukanda wa ugonjwa huu unaoshuka Afrika Mashariki kutoka Ethiopia, unapita Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, na nyanda za Bonde la Ufa zimo ndani yake. Wanasayansi bado hawajakubaliana kwa nini hasa, lakini mwaka 2016 lile shirika la utafiti nililolitaja liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyonywewa juu ya nyuzi 65, kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hii. Nani kati yetu hajalelewa na chai ya maziwa inayotoka jikoni ikiwa bado inatokota, na kuambiwa kwamba chai iliyopoa si chai? Hapa ujumbe una kazi na hauna gharama: acha chai ipoe kidogo. Na upo mwingine: mzee ambaye ugali umeanza kumkwama, akahamia uji, kisha akahamia maziwa, asisubiri mpaka maji yenyewe yakatae kupita. Huyu anahitaji kuangaliwa kwa kamera ya umioni, na hapa siki haiwezi kusaidia. Kunahitajika rufaa na, tena, nauli. Ugonjwa huu unawapata wanaume na wanawake. Mbio ya Gehandu isiyoutaja itakuwa imeletwa kutoka kwingine bila kuangalia nani anaumwa nini.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote linatoka upande mwingine, kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema matibabu ni wajibu wa serikali, na kila shilingi ya hisani inaipa serikali nafasi ya kupumzika. Wananchi wamekwisha kulipa kodi. Kwa nini tena wakimbie jua kali kuchangia kile walichokwisha kukilipia?

Pingamizi hilo silibezi. Ni kweli kwamba chanjo, wauguzi, mashine za mionzi na wataalamu wa patholojia ni kazi ya serikali, na mbio yoyote inayojidai kuzinunua itajikuta inafunika pengo kwa kiganja. Ndiyo maana nasema fedha ya Gehandu iende kwenye mambo ambayo bajeti mara nyingi haiyagusi: nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake, malazi ya wiki tano, chakula, simu ya kumkumbusha tarehe ya kurudi, mafuta ya gari la kupeleka kinyama maabara na kurudisha majibu. Kiwango cha fedha kinachohitajika hapo si cha kutisha. Na kila safari iliyolipiwa iandikwe. Baada ya mwaka mmoja kata itakuwa na daftari linaloonyesha ni wangapi wangekatisha matibabu kama wasingesaidiwa. Hilo ni hati ya madai. Diwani anaweza kuingia nalo kwenye baraza la halmashauri, mbunge anaweza kuingia nalo Dodoma, na hakuna waziri atakayeweza kuwajibu kwamba tatizo ni uelewa.

Kuna kundi la wagonjwa ambalo hata daftari hilo litaliacha nje nisipolitaja: wale waliokwisha kupita hatua ya kutibika. Wapo leo, kwenye vitanda vya kamba, nyuma ya milango iliyorudishwa. Kwa hao mbio za uelewa hazina hata neno moja, kwa sababu ujumbe wa "wahi mapema" kwao ni kidonda juu ya kidonda. Wanachohitaji ni kuondolewa maumivu, na dawa yake ipo: mofini ya maji, rahisi kutengeneza, ya kunywa kwa kijiko nyumbani. Uganda ilionyesha njia. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, iliingiza mofini ya kunywa katika huduma ya kawaida, na tangu 2004 nchi hiyo inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa kuwa daktari hawezi kufika kila kijiji. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwa Mbulu tangu 1955. Watu wa hapa wamezoea kuibeba hospitali hiyo moyoni kama yao. Kama mbio zikigharamia pikipiki moja na muuguzi mmoja wa tiba shufaa wa kuwazungukia wagonjwa wa namna hii majumbani, zitakuwa zimefanya jambo ambalo hakuna fulana iliyowahi kulifanya.

Watakaosema wadhamini hawatakuja, kwamba Gehandu hakuna hoteli wala ukumbi wa kupokea wageni, nawajibu kwa ufupi. Wadhamini walifika mahali pasipo hoteli kutafuta wakimbiaji. Na mbio yenyewe haihitaji mengi: njia ya vumbi iliyopimwa sawasawa, maji, gari la wagonjwa, waamuzi wa chama cha riadha. Wakati wake ni baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi na mahindi yakiwa ghalani. Iwe siku ya mnada au kesho yake, maana watu watakuwa tayari wameteremka. Kiingilio cha mwenyeji kiwe kile anachoweza, hata debe la mahindi. Mgeni wa kutoka Arusha au Dar es Salaam alipe cha mgeni. Wanawake wa miaka 30 na kuendelea wapimwe siku hiyo kwenye mahema, na wauguzi wabaki siku kadhaa baada ya wakimbiaji kuondoka, kwa sababu foleni haitaisha siku moja. Na kabla bunduki haijalia, mzee anayesikilizwa asimame aseme na wanaume wenzake, kwa lugha ya hapo, kuhusu ng'ombe, na wakati gani wa kumuuza.

Kisha hesabu. Mwaka wa pili, kabla hawajatangaza njia wala zawadi, waandaaji waje kwenye mkutano mkuu wa kijiji wasome kwa sauti: waliopimwa ni wangapi, waliotibiwa siku ile ile ni wangapi, waliopewa rufaa, waliofika Bugando, KCMC ya Moshi au Ocean Road, waliomaliza matibabu, na waliokatisha pamoja na sababu ya kila mmoja. Wasitajwe majina, idadi na sababu zinatosha. Na kama kati ya waliokatisha atakuwapo hata mmoja aliyekatisha kwa kukosa nauli, basi fedha ya fulana za mwaka huo imlipie yeye kwanza, na wakimbiaji wakimbie na nguo walizonazo.